Kupima maendeleo ya mwanafunzi kwa kumlinganisha na walioanza naye sawa

Ripoti inasema mtoto amekuwa wa 118 kati ya 160 katika Hisabati. Haisemi kwamba alitoka alama 22 akafika 34, wala kwamba wengi waliokuwa naye kwenye ishirini na kitu bado wako hapo hapo. Mimi ni mwalimu wa taaluma, na jambo hili linaniuma kila muhula, kwa sababu mtoto wa namna hii ndiye anayekata tamaa mapema.

Kutoa tu alama za zamani kwenye za sasa hakutoshi. Mitihani haifanani ugumu: aliyepata 81 kisha 76 huenda hakushuka, mtihani ndio uliokuwa mgumu. Kinachosaidia ni kumlinganisha na wenzake walioanzia alama zinazokaribiana na zake. Damian Betebenner aliijenga njia ya namna hii kitaalamu, na jimbo la Colorado, Marekani, likaanza kuitumia kwa shule zake. Hapa tunafanya toleo jepesi, kwa Excel.

Hatua ya 1: Andaa alama za mwanzo. Usikimbie hapa. Usitumie mtihani mmoja. Chukua wastani wa mitihani miwili au mitatu iliyopita ya somo hilo hilo. Mtoto aliyefanya mtihani akiwa na malaria atapata 20 badala ya 45, na muhula unaofuata ataonekana ameruka ajabu ilhali amerudi tu mahali pake. Aliyebahatisha ataonekana ameanguka. Wastani hupunguza makosa haya, ingawa hauyamalizi. Ambaye hakufanya mtihani usimwekee sifuri. Mwondoe kabisa kwenye orodha.

Hatua ya 2: Panga na ugawe. Safu A jina, B alama za mwanzo, C alama za sasa. Panga orodha yote kwa B, kisha gawa makundi ya wanafunzi 20 na uandike namba ya kundi kwenye D. Changanya mikondo yote. Nilijaribu kugawa kwa madaraja ya A hadi F nikaacha: kundi la F linajaa, la A linabaki na watu watatu.

Hatua ya 3: Weka fomula. Kwa wanafunzi 160, kwenye E2 andika kisha buruta hadi chini:

=(COUNTIFS(D$2:D$161,D2,C$2:C$161,"<"&C2)+(COUNTIFS(D$2:D$161,D2,C$2:C$161,C2)-1)/2)/(COUNTIFS(D$2:D$161,D2)-1)*100

Inahesabu aliowapita katika kundi lake, inaongeza nusu ya waliolingana naye, inagawa kwa wenzake 19, kisha inazidisha kwa 100. Yule wa 118 amewapita 17 kati ya 19, yaani 89. Yule aliyetoka alama 81 akapata 76 amewapita 8, yaani 42: karibu na katikati, hakuna cha kutisha.

Hatua ya 4: Kagua kundi la juu kabisa na la chini kabisa. Mara nyingi alama za mwanzo humo zimeachana sana, labda kutoka 4 hadi 19, hivyo ulinganisho unalegea. Njia kamili ya Betebenner haikati makundi; hutumia alama zote za nyuma za kila mwanafunzi kwa hesabu nzito zaidi, na programu yake ya SGP hupatikana bure ndani ya R, programu ya kompyuta ya takwimu.

Hatua ya 5: Tazama mkondo mzima. Tumia MEDIAN (fomula ya Excel inayotoa namba ya katikati) kwenye E kwa kila mkondo. 53 dhidi ya 48 katika mkondo wa watoto 40 si tofauti ya kuitia kikao. Tena, kidato kizima kitakaa karibu na 50 daima, hata kama wote wamelala. Kipimo hiki hakisemi kama wamejua hesabu.

Nawasihi wakuu wa shule wasimhukumu mwalimu kwa namba hii. Mwaka 2014 Chama cha Takwimu cha Marekani, kikizungumzia vipimo vya aina hii, kilieleza kwamba tafiti nyingi zinaonyesha walimu huchangia kati ya asilimia 1 na 14 ya tofauti za alama za wanafunzi.

Hatua ya 6: Andika kwenye ripoti kwa maneno. Pembeni ya nafasi ya darasani, weka: “Kati ya wenzake 19 walioanza na alama zinazokaribiana na zake, amewapita 17.” Kisha mwite mtoto mwenyewe umsomee kabla ripoti haijaenda nyumbani.