Kumjengea Mwanafunzi wa Kutwa Ratiba ya Kujisomea Nyumbani

Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali ya kutwa nchini Tanzania hukutana na mageuzi mawili kwa mpigo: masomo aliyozoea kufundishwa kwa Kiswahili sasa anafundishwa kwa Kiingereza, na jioni hakuna kengele wala mwalimu wa zamu wa kumsimamia, kama walivyo nao wenzake wa bweni. Pengo hilo huzibwa na ratiba ya nyumbani, ambayo mzazi au mlezi anaweza kusaidia kuijenga hata kama hakuyasoma masomo hayo.

Anzeni na majukumu ya nyumbani, kwa sababu ratiba nyingi huvunjika kwa kupangwa kana kwamba mtoto hachoti maji wala haoshi vyombo. Kaeni pamoja mwandike saa anayofika kutoka shuleni, kazi anazozifanya na saa ya chakula, kisha mtenge muda usioguswa, kwa mfano kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu usiku. Muda huo ni haki ya binti sawasawa na kaka yake. Ratiba iliyobandikwa ukutani haina maana iwapo binti ndiye anayeitwa jikoni kila anapofungua daftari. Simu nayo ikae chumba kingine.

Ndani ya muda huo, mwanafunzi atangulize maswali aliyopewa siku hiyo, akianza na somo linalomtatiza zaidi wakati akili haijachoka. Baada ya hapo ndipo ajisomee, na hapa ndipo wengi wanapopoteza juhudi zao, kwa kuwa husoma daftari mara tatu au nne mpaka maneno yanazoeleka machoni, wakadhani wameelewa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi kichwani. Kwa hiyo afunge daftari, aandike kwenye karatasi tupu kila anachokumbuka kuhusu mada, kisha alifungue na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Yale aliyoyasahau ayarudie kesho yake, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, badala ya kuyasubiri mpaka mkesha wa mtihani.

Lugha inahitaji hatua yake. Akisoma usanisinuru katika Baiolojia, kwanza amweleze mama au mdogo wake kwa Kiswahili jinsi mmea unavyotumia mwanga, maji na hewa ya kabonidayoksaidi kujitengenezea chakula, ndipo aandike maelezo hayohayo kwa Kiingereza kwa sentensi zake mwenyewe. Anayekariri sentensi za Kiingereza asizozielewa hukwama mara tu swali linapoulizwa kwa namna nyingine. Mzazi anayesikiliza hahitaji kujua jibu sahihi. Anahitaji tu kuona kama mtoto anaeleza bila kuchungulia daftari, na pale anapokwama aweke alama ili akamuulize mwalimu kesho.

Hisabati haisomwi kwa macho. Mwanafunzi afunike mfano uliofanywa darasani, aufanye upya mwanzo hadi mwisho, kisha achanganye maswali ya mada mbalimbali, kwa kuwa mtihani haumwambii atumie kanuni ipi.

Muda ukiisha, alale. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na anayeamka alfajiri kuwahi shule ya mbali hawezi kuzipata akikesha na vitabu.

Zitakuwepo siku za msiba au ugonjwa ambapo ratiba haitafuatwa. Siku inayofuata aanze na kazi za siku hiyo kwa saa ileile, na yaliyorukwa ayapangie Jumamosi asubuhi, pamoja na maswali ya mitihani iliyopita atakayoyafanya kwa kuangalia saa, bila daftari pembeni.