SOMO: Kusafisha kapeti la plastiki, naandika mara moja sirudii

Wakuu salaam. Mimi ni muuzaji wa makapeti ya plastiki ya roli pale Mwanjelwa, Mbeya, haya wengine mnayaita PVC na wengine vainili. Mvua zikishaanza tu Novemba, wateja wananirudia na picha kwenye simu. Dada, limegeuka rangi. Dada, linanuka. Dada, uliniuzia feki. Mara nyingi kapeti halina kosa lolote, kosa ni deki. Kwa hiyo hili hapa somo, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki bila salamu.

Vifaa: ufagio laini, ndoo mbili, dekio la kukamua au tambala la pamba, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na tambala kavu.

1. Toa viti, fagia. Ufagio wa chelewa uache nje. Usiruke hatua hii, maana vumbi letu la kiangazi lina chembe ngumu, na kiti kikiburuzwa juu yake ni sawa na kupiga msasa.

2. Ndoo ya kwanza: maji ya uvuguvugu lita 5, sabuni kijiko kimoja cha chai. Nimesema kijiko.

3. Chovya dekio, KAMUA mpaka lisidondoshe tone, ndipo upitishe.

Hapa ndipo nilipoharibu mimi mwenyewe, kwa hiyo vumilieni maelezo. Nilikuwa nimepanga chumba Uyole. Nimekulia nyumba ya sakafu ya simenti, na deki niliyofundishwa na bibi ni ya kumwaga ndoo nzima, unakunja kitenge magotini, unasukuma maji mpaka yatokee mlangoni. Nikanunua kapeti la mita 3 kwa 4, kila Jumamosi nikalipigia deki hiyohiyo. Mwezi wa pili chumba kikaanza kunuka kama gunia la viazi lililonyeshewa. Nikadhani ni uchafu, nikaongeza maji na sabuni. Siku nimefunua kona ya chini ya kitanda, mgongo wa kapeti ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, duara kwa duara, simenti imeloa chapachapa, na koa mmoja amejilaza katikati kama mpangaji mwenzangu. Rangi ya ukutani chini nayo imevimba. Mwenye nyumba alinilipisha rangi, na kapeti nikalitupa.

Sababu ni kwamba plastiki haipitishi hewa. Maji yakishaingia kupitia ukingoni mwa ukuta au kwenye kiungo cha vipande viwili, hayana pa kutokea. Masika simenti yenyewe huvuta unyevu kutoka ardhini, hasa nyumba isiyowekewa nailoni chini ya zege, halafu wewe unaongeza wa juu. Kwa hiyo:
- Usimwage maji juu ya kapeti, hata kama mtoto amekojoa. Kausha kwa tambala kwanza, ndipo ufute.
- Ndoo ikipinduka, funua upande huo siku hiyohiyo, kausha juu na chini. Usisubiri kesho.
- Likishaota ukungu, litoe nje, osha mgongo kwa sabuni, lianike kivulini. Usilirudishe sakafu ikiwa bado na unyevu. Ili kujua, bandika kipande cha nailoni angavu sakafuni, ziba pande zote nne kwa selotepu, kiache siku nzima. Ukikuta matone kwa ndani, bado.

4. Ndoo ya pili, maji matupu, pitisha tena dekio lililokamuliwa. Sabuni ikibaki inanata, vumbi linaishika, unaanza kusema kapeti limechakaa kumbe limejaa sabuni yako.

5. Futa kwa tambala kavu, fungua madirisha.

Vya kukaa mbali: jiki, mafuta ya taa, petroli, dawa ya kutolea rangi ya kucha, waya wa kusugulia masufuria, na ile nta nyekundu ya sakafu ya simenti. Jiki inageuza rangi. Mafuta ya taa yanaharibu plastiki, na yakimwagika harufu haiishi leo wala kesho. Dawa ya kucha inaliyeyusha kabisa.

MASWALI

Mzee wa Kabwe: Kwa hiyo jiki kidogo tu haina shida?

Jibu: Soma mstari wa mwisho wa somo.

Mzee wa Kabwe: Nimesoma. Ila nimeona video wanachanganya na siki, inang'arisha balaa.

Jibu: Mzee wangu, hapo tumetoka kwenye kapeti tumeingia kwenye pumzi yako. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na wewe uko umeinama ndani ya chumba. Usichanganye, si kwenye kapeti wala chooni. Siki peke yake ninaikubali: nusu kikombe kwenye lita 5 za maji, inatoa utando wa sabuni ya zamani. Baada yake pitisha maji matupu.

Mama Wawili Isanga: Dada shikamoo. Nilitandika kizulia cha kufutia miguu mlangoni, kile chenye mgongo wa mpira. Leo nimekitoa, umbo lake lote limebaki njano, pembe nne kabisa. Nimesugua wee, halitoki. Najiuliza, unjano umetoka wapi wakati chini yake palikuwa safi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri hilo, na ni kosa langu kulisahau kwenye somo. Siyo uchafu. Ndani ya mpira kuna dawa zinazowekwa usichakae upesi. Mpira ukikaa muda mrefu juu ya plastiki, dawa hizo zinahamia kwenye kapeti taratibu na kugeuza rangi yake kwa ndani. Ndiyo maana husugui ukafika: doa haliko juu, limo ndani ya plastiki. Halitatoka, usiumize mikono. Tandika cha kitambaa au cha ukindu palepale, kifiche. Kagua pia miguu ya meza na friji, ile ya mpira mweusi, iwekee kitambaa au kipande cha ubao.

Boda Mafiati: Pikipiki naiingiza ndani usiku, wezi wengi. Tairi nalo?

Jibu: Tairi ni mpira uleule. Tandika ubao. Na oili ikidondoka ifute usiku huohuo.

Kijana wa Njombe: Kamwene. Nimelikunjua jipya asubuhi, likapasuka kwenye mkunjo. Feki?

Jibu: Kamwene kaka. Ulilisafirisha limekunjwa kama shuka au limeviringishwa?

Kijana wa Njombe: Limekunjwa, juu ya basi.

Jibu: Basi umejibu. Plastiki ikipata baridi inakakamaa, na Njombe ya Julai siyo ya kuchezea. Kapeti likisafirishwa liviringishwe, lisikunjwe. Likifika kwenye baridi, liache ndani usiku, kesho yake mchana liweke juani kama saa moja lilegee, ndipo ulitandaze taratibu. Na ninajua swali lako linalofuata: usiwashe jiko la mkaa ndani ili lilegee. Plastiki hii inalainika hata kwa joto lisilofikia la maji yanayochemka, chini ya jiko itaacha duara. Halafu moshi usioonekana wa mkaa unaua watu waliojifungia, kila baridi tunazika.

Mama Wawili Isanga: Ndaga fijo, asante sana kwa ile ya mpira. Lakini mimi hilo duara la jiko ninalo tayari!

Fundi Sokomatola: Hilo linazibika mama. Chukua kipande kilichobaki wakati wa kukata, kiweke juu ya sehemu iliyoungua, panga maua yaingiliane, kibandike kisicheze. Shika rula ya chuma, kata kwa kisu kikali upite vipande vyote viwili kwa pamoja. Toa cha chini kilichoungua, cha juu kitaingia palepale bila pengo. Gundi ya kapeti, weka ndoo ya maji juu mpaka asubuhi. Ila dada muuzaji naye aseme ukweli, siku hizi mnatuuzia mepesi kama karatasi.

Jibu: Ahsante kwa kiraka, fundi. Kuhusu mepesi, mteja anakuja na hela ya jepesi nimpe nini? Mazito yapo. Kabla hujalipa, tazama kona ubavuni: juu ya maua kuna ngozi angavu ya plastiki, na hiyo ndiyo inayokanyagwa. Ikiwa nyembamba mno, maua yatafutika njia ya mlangoni kwanza. Wewe fundi unalijua hili, na ulikuja kununua jepesi mwezi uliopita.

Fundi Sokomatola: Ilikuwa ya chumba cha kuku 😂

Mwalimu Forest: Wino wa peni?

Jibu: Spiriti kidogo kwenye pamba, gusagusa, usisugue, kisha pangusa kwa maji. Jaribu kwanza chini ya kabati. Ubani wa kutafuna ulioganda: weka barafu juu yake ukakamae, bandua kwa ukingo wa kijiko cha plastiki.

Mgeni Uyole: Somo zuri dada. Sabuni ni kikombe kimoja au viwili?

Jibu: Kijiko.