Namna ya Kutengenezewa Programu ya Simu kwa Ajili ya Studio Ndogo ya Picha

Kabla hujamtafuta fundi, kaa jioni moja na daftari lako la oda, upitie kazi za miezi mitatu iliyopita na kuandika kando ya kila kazi ni wapi muda wako ulipotelea: kujibu simu za kuuliza bei, kufuatilia malipo ya awali, kuchagua picha za albamu pamoja na ndugu wa maharusi, au kumfikishia mteja picha zilizokamilika. Katika studio yangu lilikuwa hilo la mwisho. Picha zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, flashi iliyohifadhi picha hupotea, na baada ya mwaka mteja hurudi kuomba nakala nyingine kana kwamba sherehe ilifanyika juzi. Programu inayoondoa kero moja ya namna hiyo itatumika, ilhali ile iliyotengenezwa kwa sababu studio ya jirani inayo itafutwa siku ambayo simu ya mteja itajaa.

Jiulize pia kama unahitaji programu hasa. Bibi harusi haolewi kila mwezi, na aliyekuja kupiga picha za pasipoti hana sababu ya kupakua chochote. Ikiwa wateja wako wengi ni wa aina hiyo, tovuti inayofunguka vizuri kwenye simu, yenye ukurasa wa kuweka miadi na albamu zinazofunguliwa kwa namba ya siri, inatosha na gharama yake ni ndogo zaidi. Programu kamili ina maana pale ambapo watu hurudi: shule yenye mahafali kila mwaka, parokia yenye kipaimara, waratibu wa sherehe, na mzazi anayemleta mwanawe studio kila afikishapo mwaka mwingine.

Ukisharidhika kwamba unaihitaji, andika maelezo ya kazi kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa mbili au tatu, kisha ndipo uombe bei. Eleza mteja anaona nini kwanza, anachaguaje tarehe iliyo wazi, analipaje kishika nafasi kwa Lipa Namba au kwa mtandao wa simu anaoutumia, na anapata uthibitisho gani. Taja na yale usiyoyataka. Fundi asiyepewa maelezo hukisia, na kila kisio utakalolikataa baadaye atalihesabu kuwa kazi mpya.

Jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, kwa kuwa wamezoea kutengeneza programu za maduka, ni uzito wa picha zetu. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ya JPEG ya takriban MB 10, kwa hiyo harusi yenye picha 600 ni GB 6, na ukiwa na harusi nne kwa mwezi utakuwa unaongeza GB 24 kwenye seva unayoilipia, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza picha hizo. Hakuna shangazi atakayemaliza bando lake kwa ajili ya kuangalia picha za kukata keki. Agiza kwamba programu ionyeshe nakala nyepesi, zenye pikseli 2,048 kwa upande mrefu, na faili kamili ishuke tu pale mteja anapoiomba mwenyewe. Amua pia albamu itakaa kwenye seva kwa muda gani, tuseme miezi 12, na uandike sharti hilo kwenye risiti ili asije mtu kudai baadaye kwamba hakuambiwa.

Faragha haitaki mzaha. Katika mwambao wetu, shughuli za wanawake hupigwa picha na mwanamke, mitandio ikiwa imevuliwa, kwa makubaliano kwamba picha hizo hazitoki nje ya familia. Programu inayomfungulia kila mgeni albamu zote inaweza kukuvunjia jina kwa siku moja. Kila albamu iwe na namba yake ya siri, na picha yoyote isitumike kama tangazo bila ridhaa ya maandishi. Kwenye Android fundi anaweza kuzuia mteja asipige picha ya skrini, ingawa hakuna programu itakayomzuia mtu kuipiga picha simu hiyo kwa simu nyingine. Nchini Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayowataka wanaokusanya taarifa za watu kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; majina, namba za simu na sura za wateja wako ni taarifa za namna hiyo.

Sasa mkataba. Mimi nilimwachia fundi wangu wa kwanza asajili kila kitu kwa barua pepe yake, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuwahi harusi za Desemba. Alipohama mji na kuacha kupokea simu, sikuweza kubadilisha hata bei iliyokuwa ndani ya programu yangu mwenyewe, nikalazimika kuanza upya. Fungua akaunti kwa jina lako: Google Play, duka la programu za Android, hutoza dola 25 mara moja tu, na Apple, kwa programu za iPhone, hutoza dola 99 kila mwaka, hivyo anza na Android kama wateja wengi wanatumia simu hizo. Jina la tovuti na seva viwe vyako pia. Mkataba useme kwamba msimbo wote wa programu, yaani maandishi ya kikompyuta yanayoiendesha, ni mali yako na utakabidhiwa kwako, na malipo yagawanywe kwa hatua unazoweza kuziona kwa macho, fungu la mwisho likibaki mkononi mwako hadi programu itakapopatikana dukani.

Tenga muda wa majaribio. Akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play hutakiwa kwanza kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, na maandalizi ya namna hiyo hayawezekani katikati ya msimu wa sherehe. Ramadhani na Kwaresima, ambapo harusi hupungua, ndiyo miezi ya kazi hii, ili Mfungo Mosi na Pasaka zikukute ukiwa tayari. Miongoni mwa wajaribu hao mweke mama mmoja wa makamo anayetumia simu ya bei nafuu, umpe namba ya siri ya albamu, ukae kando bila kumwelekeza. Mahali atakapokwama na kukugeukia, pawekwe alama, na hapo fundi aparekebishe kabla hujamlipa fungu la mwisho.