Kompyuta ndogo ya sebuleni: anza na tepu ya kupimia, kadi ya picha baadaye

Wateja wangu wengi hapa Mwanza huja wameshika jina la kadi ya picha (kifaa kinachochora picha za gemu kwenye skrini) waliyoiona YouTube. Nikiwauliza kompyuta itakaa wapi, wanatazamana. Basi huwa nawarudisha nyumbani wakalete vipimo vya kabati la TV. Mashine ya sinema na gemu itagombania nafasi na king'amuzi, redio na vitambaa vya mama mwenye nyumba, na nafasi hiyo ndiyo itakayoamua vifaa vingine karibu vyote.

Hatua ya 1: Pima kabati

Pima upana, kina na kimo. Punguza sentimita tano kila upande ili hewa ipite, na nyuma uongeze kidogo tena, maana kichwa cha waya wa HDMI hakipendi kukunjwa. Kabati lenye milango ya kioo silishauri hata kidogo.

Kuna na wale wadudu wa ziwani. Siku wakiibuka, usiku hufuata taa, na TV inayowaka nayo ni taa. Niliwahi kufungua mashine ya mteja wa Kirumba nikakuta feni imejaa mizoga mikavu kama majani ya chai. Tafuta kesi, yaani boksi la kompyuta, yenye wavu unaochomoka ukaoshwa kwa maji.

Hatua ya 2: Kesi, ubao mama na kipoozaji

Vitu hivi vitatu vichague pamoja. Ubao mama, ule unaobeba na kuunganisha vifaa vyote, kwa kesi ndogo ni wa aina ya Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17. Kesi ninayoifahamu vizuri ni Node 202 ya Fractal Design: bapa, ujazo wa lita 10 hivi, inameza kadi ya picha yenye urefu wa hadi milimita 310. Ila kipoozaji cha prosesa (ubongo wa kompyuta) kisizidi kimo cha milimita 56.

Namba hiyo naikumbuka kwa sababu ilinitia aibu. Niliagiza Dar kipoozaji cha milimita 65, bei yake ilinivutia. Kikaja kwa basi, nikakifunga mbele ya mteja, kifuniko kikagoma. Kukirudisha ilikuwa safari nyingine ya zaidi ya kilomita 1,000. Siku hizi kwenye kesi bapa nafunga NH-L9a-AM5 ya Noctua, yenye kimo cha milimita 37, na mambo yanakwisha.

Hatua ya 3: Prosesa na RAM

Jiulize unacheza nini. Kama ni mpira na watoto, kwenye TV ya 1080p (Full HD), prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 5 8600G inatosha bila kadi yoyote, kwa kuwa ina kichakata picha chake ndani, Radeon 760M. Mashine itakuwa baridi, tulivu na nafuu.

Lakini kichakata picha hicho hakina kumbukumbu yake, kinakula kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine. Kwa hiyo usikubali kipande kimoja cha GB 16, hata muuzaji akikuapia kwamba ni sawa. Kipande kimoja cha DDR5-6000 hupitisha GB 48 kwa sekunde, viwili vya GB 8 hupitisha 96. Kwenye gemu utaiona tofauti hiyo kwa macho. Ukishafunga, ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama) uwashe EXPO, inayoipa RAM mwendo wake kamili, la sivyo RAM itatembea kwa mwendo wa chini ya ulionunua.

Hatua ya 4: Kadi ya picha, kama unaihitaji

Kwa gemu nzito, kadi ya Nvidia RTX 4060 inakula wati 115, na zipo fupi za kuingia kesi ndogo. RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70 tu na hunyonya umeme wote kwenye ubao mama, bila waya wa ziada. Hiyo ndiyo ninayoiweka kwenye kompyuta bapa za ofisini za mtumba, ambazo pawasaplai (kifaa cha kuipa mashine umeme) yake ni dhaifu. Hakikisha tu ni toleo la kimo kifupi.

Jihadhari na kadi za AMD, RX 6400 na RX 6500 XT. Bei yake inashawishi, ila haziwezi kufungua zenyewe video zilizobanwa kwa mfumo wa AV1. Video hizo zimejaa YouTube, na kazi yote itamwangukia prosesa.

Hatua ya 5: Umeme

Pawasaplai iwe ya umbo la SFX, lile dogo la kesi ndogo. Wati 450 zinatosha 8600G na RTX 4060 na bado kuna akiba. Usinunue isiyo na jina. Ikifa huwa haifi peke yake.

Kisha UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika. Namba kubwa iliyoandikwa mbele ni VA, tafuta ya wati. Nyingi za 650VA hutoa wati 360 hivi, na TV nayo ina sehemu yake humo. Lengo ni kupata dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima vizuri. Umeme wa mtaani kwako ukipanda na kushuka, tanguliza stebilaiza.

Hatua ya 6: Vilivyobaki

SSD ya NVMe ya TB 1, ndiyo ghala la gemu na sinema. Waya wa HDMI 2.1 kama TV yako ni ya 4K na 120Hz, vinginevyo ulionao unatosha. Kibodi ndogo isiyo na waya utaihitaji, maana rimoti ya TV kwa kawaida haiamrishi kompyuta.

Hatua ya 7: Jaribu ndani ya kabati

Usijaribu mezani. Iweke pale itakapokaa, milango ikiwa kama itakavyokuwa kila siku, cheza gemu zito saa nzima huku ukiangalia joto. Kikomo cha 8600G ni nyuzi 95; mimi sikabidhi mashine inayopita 85. Ikipita, toa ubao wa nyuma wa kabati kwanza, ndipo ufikirie kununua feni.