Namna ya Kuchukua na Kutunza Sampuli za Damu, Mkojo na Pumzi katika Kesi za Pombe na Dawa za Kulevya

Kipimo cha pombe au cha dawa za kulevya kinaweza kufanywa kwa mashine bora kabisa na bado kikakataliwa na mahakama, kwa sababu tu chupa ya damu ilikaa usiku kucha ndani ya gari, au ilipita mikononi mwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Makosa ya aina hiyo hutokea kabla sampuli haijafika maabara, na hakuna mkemia awezaye kuyarekebisha baadaye. Maelekezo haya yanamlenga askari mpelelezi pamoja na muuguzi au daktari anayemsaidia. Mamlaka ya kuagiza kipimo, ridhaa ya anayepimwa na kiwango cha pombe kinachoruhusiwa hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, hivyo sheria husika isomwe kabla ya kumgusa mtu yeyote.

Jambo la kwanza ni muda. Andika saa ya tukio na saa ya kuchukua sampuli, zote mbili kwa dakika. Pombe ikishafyonzwa yote, kiwango chake hushuka kwa takriban miligramu 10 hadi 25 katika kila mililita 100 za damu kwa saa; mtu aliyekuwa na miligramu 95 wakati wa ajali, akishuka kwa kasi ya 15, atakutwa na 50 baada ya saa tatu. Mtaalamu wa sumu anaweza kukokotoa kurudi nyuma, lakini hesabu yake itaaminika ikiwa tu anajua mtu huyo alianza kunywa saa ngapi, alimaliza saa ngapi, na kama alikunywa tena baada ya tukio. Ikiwa alimaliza kunywa muda mfupi kabla ya tukio, huenda pombe ilikuwa bado inaingia katika damu, na hesabu hiyo ikamtwika kiwango ambacho hakuwa nacho. Maswali haya yaulizwe mapema, kwa kuzingatia haki za anayehojiwa, na majibu yaandikwe kama yalivyotolewa.

Kwa baadhi ya dawa za kulevya muda hubana zaidi. GHB, ambayo imetumiwa kuwalewesha watu ili wabakwe, huweza kutoweka katika damu ndani ya saa 8 hivi na katika mkojo ndani ya saa 12 hivi. Anapofika mtu anayehofia kwamba aliwekewa dawa katika kinywaji, chukua kwa ridhaa yake mkojo wa kwanza atakaoutoa, hata kama maelezo yake hayajakamilika, kwani maelezo yanaweza kusubiri na mkojo hauwezi. Wala asirudishwe kwa sababu siku mbili au tatu zimepita. Zipo dawa zinazoonekana katika mkojo kwa siku kadhaa, na nywele, ambazo hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, zinaweza kukatwa wiki kadhaa baadaye. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amechelewa, pasipo kuiuliza maabara, ni kumdhulumu mara ya pili.

Kipimo cha pumzi ni chepesi, ila kina sharti lisilopuuzwa. Mtazame anayepimwa kwa dakika 15 mfululizo, uhakikishe kwamba hanywi, hacheui wala hatapiki, maana pombe iliyobaki mdomoni au iliyopanda kutoka tumboni hutoa namba kubwa kuliko hali halisi ya damu. Akicheua, dakika zianze kuhesabiwa upya. Apulize mara mbili, na namba zote mbili ziandikwe hata zikitofautiana. Kifaa hiki hutegemea uwiano wa makadirio wa pombe iliyo katika damu na iliyo katika pumzi, ambao Marekani huchukuliwa kuwa 2100 kwa 1 na Uingereza 2300 kwa 1; kwa hiyo, palipo na ubishi mkubwa, sampuli ya damu ndiyo inayopaswa kutafutwa.

Damu ichukuliwe na mtu mwenye sifa za kitabibu, askari akishuhudia. Ngozi isafishwe kwa dawa isiyo na pombe, kwa mfano povidoni-ayodini iliyoyeyushwa katika maji. Hata kama kiasi cha spiriti kinachoweza kuingia katika sindano ni kidogo mno, wakili wa utetezi ataliuliza swali hilo, na ni haki yake kuliuliza. Damu itolewe kwenye mkono usiotundikiwa dripu. Tumia chupa mbili zenye kizibo cha kijivu, ambazo ndani yake huwa na sodiamu floridi na potasiamu oksaleti, na kwanza hakikisha muda wake wa matumizi haujapita. Oksaleti huzuia damu kuganda. Floridi huzuia kazi ya bakteria na kuvu, kama kandida, ambavyo vinaweza kugeuza sukari ya damu kuwa pombe chupa ikiwa rafuni, na vilevile hupunguza kasi ya kuvunjika kwa kokeini. Jaza hadi kwenye alama, kwa kuwa nafasi tupu ikiwa kubwa pombe hugeuka mvuke na kuhamia humo. Kisha pindua chupa taratibu mara 8 hadi 10 ili unga ulio ndani uchanganyike, bila kuitikisa. Ihifadhiwe katika jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, lenye kufuli, lisilowekwa chakula.

Mkojo utolewe katika chupa safi isiyotumika kabla, na joto lake lisomwe ndani ya dakika 4. Likiwa nje ya nyuzi 32 hadi 38, kuna sababu ya kushuku kwamba umebadilishwa au umetiwa maji.

Bandika lakiri mbele ya aliyetoa sampuli, ipite juu ya kizibo na kushuka pande zote mbili za chupa, iwe na jina, tarehe, saa na saini. Kuanzia hapo kila makabidhiano yaandikwe katika fomu ya mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: nani alitoa, nani alipokea, saa ngapi, na lakiri ilikuwa katika hali gani. Usiku ambao chupa ililala kituoni nao ni sehemu ya mnyororo, kwa hiyo aliyeshika ufunguo wa jokofu atajwe.

Katika barua ya kuomba uchunguzi, taja dawa zote alizopewa mhusika hospitalini au katika gari la wagonjwa. Mofini au ketamini iliyotolewa kutuliza maumivu ya majeruhi itaonekana katika matokeo, na pasipo maelezo hayo inaweza kuhesabiwa dhidi yake.

Majibu yakirudi, angalia kwanza kama ni ya uchunguzi wa awali au ya uthibitisho. Kipimo cha awali, kinachotumia kingamwili kutambua dawa, hudanganyika. Baadhi ya dawa za mafua zimewahi kuonekana kama amfetamini. Usimfikishe mtu mahakamani kwa kipimo hicho peke yake, subiri uthibitisho wa kromatografia, inayotenganisha kemikali zilizomo, pamoja na spektrometa ya masi, inayozitambua kwa uzito wa chembe zake. Angalia pia ni nini kilichopimwa. Hospitali nyingi hupima pombe katika seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ambayo huwa na kiwango kikubwa kuliko damu nzima kwa asilimia 12 hadi 18 hivi, na namba hiyo haifai kulinganishwa na kikomo cha sheria kabla ya kurekebishwa. Mabaki ya bangi katika mkojo wa mtumiaji wa kila siku huweza kudumu kwa wiki kadhaa, hivyo yanathibitisha matumizi tu, si kwamba alikuwa amelewa alipoendesha gari.

Chupa ya pili ya damu ibaki na lakiri yake, katika baridi, hadi kesi na rufaa zimalizike, ili upande wa utetezi ukitaka kuipima katika maabara nyingine uweze kuipata.