SOMO: Matone ya macho ya seramu, kuanzia damu hadi jichoni

Mama ana ugonjwa wa Sjögren, tezi zake za machozi zimekauka. Hapa Uingereza alijaribu matone ya dukani miaka na miaka, na bado asubuhi akifumbua macho anahisi mchanga. Ndipo daktari akamwandikia seramu: majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Matone ya dukani hulainisha tu, lakini seramu ina vitamini A na protini za kuponya ngozi ya mbele ya jicho, kama machozi yenyewe. Hutumika pia kwa walioungua macho kwa kemikali.

Hatua ya 1. Mgonjwa hutolewa damu, karibu nusu lita, kama mchangiaji yeyote. Hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende.

Hatua ya 2. Maabara huiacha damu igande, huizungusha kwa mashine, kisha seramu huchanganywa na maji ya chumvi ya hospitali na kutiwa kwenye vichupa. Nawasihi, msijaribu nyumbani. Kijidudu kimoja kikiingia, jicho linaweza kupofuka.

Hatua ya 3, ambayo ndiyo huwashinda wengi: kutunza. Matone haya hayana dawa ya kuzuia yasioze. Akiba yote hukaa friza. Jioni natoa kichupa kimoja kiyeyuke ndani ya friji, mbali na mwanga kwa sababu mwanga huharibu vitamini A. Kikishafunguliwa kina muda wake, nasi tuliambiwa siku moja. Usiku kilichobaki namwaga, hata kama roho inauma. Ni damu ya mama yangu, lakini namwaga.

Hatua ya 4. Nawa mikono kwa sabuni. Vuta kope la chini, dondosha tone moja, ncha isiguse kope wala kidole. Tone ni la manjano hafifu, kama samli iliyoyeyuka. Fumba jicho dakika moja. Kama kuna dawa nyingine ya macho, subiri kwanza. Mama hutia mara nane kwa siku.

MASWALI

Dada, shikamoo. Bibi yangu ana upungufu wa damu. Atatolewaje?
Marahaba mdogo wangu. Asitolewe. Kuna seramu ya wachangiaji waliopimwa, na huduma ya damu ya hapa hutoa zote mbili. Muulize daktari wake.

Huku Mwanza umeme ukikatika tufanyeje?
Usifungue friza ovyo, ikijaa hukaa na baridi muda mrefu. Kichupa kilichoyeyuka usikigandishe tena.

Mama mkwe anasema maziwa ya mama yanatosha.
Hapana, ndugu yangu. Maziwa hayo hayakuchujwa wala kupimwa, na jicho lenye vidonda huambukizwa haraka. Mwambie kwa heshima, ila usikubali.

Jicho likiwa jekundu na kutoa usaha?
Acha matone, beba kichupa, nenda hospitali leo hii.