Kutazama besiboli ya MLB moja kwa moja: anza na anwani yako, bei baadaye

Wengi wanaotaka kufuatilia MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, huanza kwa kuuliza bei. Kabla ya bei kuna maswali mawili: unakaa wapi, na timu unayoitaka ni ya wapi? Hayo ndiyo yanayoamua ulipie nini, au kama kuna haja ya kulipa kabisa. Shabiki wa Yankees aliye Dar es Salaam anaweza kuona karibu mechi zote za timu yake kwa usajili mmoja wa MLB.TV, huduma ya ligi ya kutazama mechi mtandaoni. Mwenzake anayekaa Bronx huko New York, jirani na uwanja wenyewe wa timu, akilipia usajili uleule atakuta mechi za Yankees zimefungwa.

Chanzo ni namna haki za matangazo zilivyogawanywa. Ligi ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Nyingi ya mechi hizo zimeuzwa kwa chaneli za eneo la timu: YES inaonyesha Yankees, SNY Mets, NESN Red Sox, Marquee Cubs, SportsNet LA Dodgers. Kulinda chaneli hizo, MLB.TV humfungia mtu aliye ndani ya eneo la timu asiione moja kwa moja, iwe inacheza nyumbani au ugenini. Rekodi ya mechi hufunguliwa kama dakika 90 baada ya mchezo kwisha. Mipaka yenyewe inashangaza. Jimbo la Iowa halina timu hata moja ya MLB, lakini wakazi wake hufungiwa sita: Cubs, White Sox, Cardinals, Royals, Brewers na Twins. Kwa hiyo, kabla hujatoa kadi ya benki, fungua ukurasa wa MLB unaoonyesha timu zilizofungwa kwa kila eneo, uandike zip kodi yako, yaani namba ya posta ya eneo lako Marekani. Ni kazi ya dakika moja, nayo huokoa pesa ya msimu mzima.

Ukiwa Marekani

Kama timu yako ni ya mbali, tuseme unakaa Columbus, Ohio, na unashabikia Mariners wa Seattle, MLB.TV inakufaa. Tangu 2026 huko Marekani inauzwa kupitia ESPN. Ukiwa mteja wa T-Mobile, kampuni ya simu, usikimbilie kulipa: kwa miaka mingi kampuni hiyo imekuwa ikiwapa wateja wake MLB.TV ya msimu mzima bure. Ofa hutoka msimu unapoanza, mwishoni mwa Machi, na dirisha lake ni la siku chache tu. Ukilikosa, basi hadi mwakani. Na hata asiye na usajili wowote anaweza kufungua akaunti ya MLB bila malipo na kutazama mechi moja ya bure ambayo MLB.TV huitoa karibu kila siku, ilimradi isiwe ya timu iliyofungwa kwenye eneo lake.

Kama timu yako ni ya hapohapo unapoishi, unahitaji chaneli ya timu hiyo, ama kwa kebo ama kwa programu ya chaneli yenyewe. Padres, Diamondbacks, Rockies, Guardians na Twins ni baadhi ya timu ambazo matangazo yake yamechukuliwa na ligi yenyewe, na mkazi wa eneo lao hununua usajili wa timu hiyo moja bila kuhitaji kebo. Ukitaka vifurushi vikubwa vya mtandaoni, soma orodha ya chaneli kwanza, maana kila kimoja kina pengo lake. YouTube TV haina YES wala SportsNet LA. Fubo haina TBS, chaneli ya kebo, na bila TBS utakosa sehemu kubwa ya mtoano wa Oktoba.

Halafu kuna mechi za kitaifa, ambazo hazimo moja kwa moja kwenye MLB.TV kwa mtu aliye Marekani hata kama timu zote mbili ni za mbali. Ijumaa Apple TV huchukua mechi mbili zake peke yake. Jumamosi ni zamu ya Fox. Jumapili usiku, kuanzia 2026, ni NBC pamoja na Peacock, huduma yake ya mtandaoni. Mtoano huanza na raundi ya kwanza kwenye NBC, kisha TBS na Fox hugawana ligi mbili za ndani, American na National, na fainali, World Series, iko Fox.

Fox na NBC zinapatikana bure hewani kwa antena, na hapa ndipo tunapoona watu wakitupa pesa bila sababu. Antena bapa ya ndani ya bei nafuu inatosha kama mnara hauko mbali. Tazama kwenye ramani ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, minara ya mji wako iko upande gani, kisha ibandike antena kwenye dirisha la upande huo, juu kadiri waya unavyoruhusu. Ingiza waya kwenye tundu la runinga lililoandikwa ANT, nenda kwenye mipangilio, chagua antena (siyo kebo), halafu iache runinga itafute chaneli hadi imalize. Picha ikivunjikavunja, isogeze antena hatua moja kisha utafute upya. Usiihamishe huku ukiangalia picha tu, kwa sababu chaneli ambayo haikunaswa wakati wa kutafuta haitajitokeza yenyewe. Taa za LED zilizo karibu na antena, na kuta zenye karatasi ya alumini ndani, hula mawimbi kuliko watu wanavyodhani.

Ukiwa Afrika Mashariki

Huku masharti ni mepesi: hakuna kufungiwa kwa sababu ya eneo la timu, na usajili wa MLB.TV unaonunuliwa nje ya Marekani unajumuisha hata mtoano na World Series. ESPN ndani ya DStv nayo imekuwa ikionyesha mechi kadhaa kwa wiki, lakini huchagui timu. Kizuizi kikubwa ni saa.

Msimu wote, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7, Chicago kwa saa 8, na Los Angeles kwa saa 10. Mechi ya kawaida ya usiku ya New York, iliyoandikwa 7:05 p.m., kwako ni saa 8:05 usiku wa kuamkia kesho yake. Ya Los Angeles ya 7:10 p.m. inaanza saa 11:10 alfajiri, na kwa anayeamka mapema hiyo ni nafuu kuliko ya New York. Angalia tarehe pia: mechi ya Jumanne usiku kwao, kwako ni Jumatano. Aliye Goma au Lubumbashi apunguze saa moja. Aliye Muscat aongeze moja. Saa za Marekani hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo tofauti hiyo haibadiliki msimu mzima, isipokuwa fainali ikivuka tarehe hiyo.

Kwa mtu mwenye kazi asubuhi, siku ya kushika ni Jumapili. Mechi nyingi za siku hiyo huchezwa mchana, na ile ya 1:35 p.m. ya pwani ya mashariki ni saa 2:35 usiku kwetu. Cubs nao wanafaa sana. Uwanja wao wa Wrigley Field haukuwa na taa hadi 1988, na mpaka leo mji wa Chicago unawawekea kikomo cha mechi za usiku, ndiyo maana hata katikati ya wiki hucheza nyumbani saa 1:20 p.m., yaani saa 3:20 usiku wa Nairobi. Tangu 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde kabla ya kila mpira, na mechi zimefupika hadi wastani wa saa mbili na dakika arobaini hivi. Kufikia saa sita usiku hivi mchezo umekwisha.

Mechi zisizowezekana tazama asubuhi. MLB.TV huhifadhi kila mchezo mzima, na pia kuna toleo lililofupishwa. Sharti ufiche matokeo: ndani ya programu ya MLB kuna kitufe cha kuficha mabao kwenye mipangilio, kiwashe, na uzime arifa zote za programu za michezo kwenye simu kabla ya kulala. Hata unapotazama moja kwa moja, picha ya mtandaoni huchelewa nusu dakika au zaidi, na arifa itakuambia kilichotokea kabla hujakiona.

Bando ulipime. Picha ya kiwango cha juu hula kama GB 3 kwa saa, kwa hiyo mechi moja ni karibu GB 8. Ukishusha ubora hadi Mbps 2 utatumia chini ya GB 1 kwa saa, na kwenye skrini ya simu mpira bado unaonekana. Sauti ya redio peke yake haifiki MB 60 kwa saa. Usajili wa sauti ni wa bei ndogo sana kulinganisha na video, haufungwi popote, hata Marekani, na watangazaji wa redio hueleza kila mpira uliporushwa na ulikoangukia. Kwa anayejifunza mchezo, sisi tungemshauri aanzie huko.

Ikikataa kufunguka

Tatizo linalorudi kila mara ni mahali. Simu ikiwa imezimiwa huduma ya kuonyesha mahali ilipo, programu ya MLB haitacheza video: nenda kwenye mipangilio ya simu, iruhusu programu hiyo kuona mahali, ifunge kabisa, kisha uifungue tena. Nyumba zinazotumia intaneti ya mtandao wa simu mara nyingine husomwa kama ziko mji mwingine, na unajikuta umefungiwa timu ambayo si ya kwako. Jaribu mechi hiyohiyo kwa data ya simu. Ikifunguka, kosa ni la anwani ya intaneti ya nyumbani, na huduma kwa wateja watahitaji zip kodi yako ili walirekebishe. VPN, programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, ni kinyume cha masharti, na kwenye simu haisaidii sana kwa kuwa mahali husomwa na GPS pia.

Picha ikiganda kila baada ya dakika chache, unganisha runinga kwa waya wa mtandao badala ya Wi-Fi kabla ya kulaumu kasi. Ukirekodi kwenye kebo, ongeza saa moja baada ya muda uliopangwa: mchezo ukiwa sare baada ya inningi tisa, yaani vipindi vyake vya kawaida, huendelea mpaka apatikane mshindi.

Usajili wa mwaka hujihuisha wenyewe kabla ya msimu mpya. Kama hutaki kukatwa tena, zima uhuishaji kwenye akaunti yako World Series inapoisha. Tarehe ya makato utaiona kwenye ukurasa huohuo.